Imeili za Mjomba Zinapotelea Wapi?

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa! Mimi! Mswaki bado uko mdomoni, simu inalia – mjomba. Wala salamu hana. Njoo karakana, anasema, kompyuta inakula barua.

Nikafika mbio. Karakana ile ile, vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye kibodi. Nyuma wanatengeneza miguu ya bandia, mbele ndiyo mapokezi: kaunta, printa, kompyuta ya laptopu, na Bi Faili. (Jina lake halisi nadhani hata mjomba kalisahau. Kila imeili ikiingia anaichapa, anaigonga muhuri wa tarehe, anaitia kwenye faili. Kila moja! Miaka kumi na moja.)

Tatizo lenyewe: hospitali inapima wagonjwa, inatuma vipimo hapa kwa imeili, mjomba anatengeneza mguu. Sasa hospitali inasema imetuma, na hapa hakuna kitu. Si wote – baadhi tu. Ijumaa alikuja mwalimu mmoja wa hesabu na magongo yake, akauliza mguu wangu uko wapi. Vipimo vyake eti vimetumwa mara tatu. Mara tatu! Mjomba akabaki anamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani.

Nikamwambia mjomba: hii kazi ya nusu saa.

Nusu saa! Nimeangalia spamu – hamna. Nafasi imejaa? Haijajaa. Paswadi sawa. Takataka – tupu kabisa, inang'aa. Nimekaa mpaka saa kumi jioni. Fundi wa plasta akapita na ndoo yake, akasema, Injinia, hiyo nusu saa yako ina dakika ngapi?

Kesho namalizana nayo.

Jumanne, 4 Machi

Sijamalizana nayo.

Nimetuma imeili za majaribio kutoka kwenye simu yangu. "Jaribio 1." Imeingia. "Jaribio 2." Imeingia. Nimeenda mpaka "Jaribio 20", na zote zimeingia moja baada ya nyingine kama watoto wa shule kwenye mstari! Nimemwomba fundi atume kwa simu yake. Ameandika "Injinia hajui kitu". Nayo imeingia. Bi Faili akaichapa. Akaigonga muhuri.

Nikapiga simu hospitali. Karani wa kule mkali kweli. Sisi tumetuma, anasema, kwetu inaonyesha imeondoka, shida ni yenu. Akakata!

Basi mchana nikaiondoa programu yote, nikaiweka upya. Niliogopa kidogo, maana imeili za miaka yote zimo humo. Ikarudi na mipangilio yake yote vilevile, haikupotea hata alama. Nilirukaruka! Bi Faili akanipigia makofi, masikini, hata bila kujua ananipongeza kwa nini.

Nikajaribu tena. Zangu zinaingia. Za hospitali – nyingine zinaingia, nyingine hapana. Leo imeingia moja ya kuahirisha mkutano. Ya vipimo haikuingia.

Kichwa kinawaka moto.

Jumatano, 5 Machi

Leo sijui kama nilifanya vizuri.

Mjomba aliniita chumba chake, akafunga mlango. Akauliza, niambie ukweli, kompyuta ni mbovu au si mbovu? Nikasema si mbovu, mjomba. Nimeipima kila upande. Barua zikija zinaingia.

Mjomba: kwa hiyo kuna mtu anazifuta.

Mimi sikusema hivyo! Lakini pia sikusema hapana. Maana mimi mwenyewe nilishaanza kujiuliza – takataka mbona tupu kila siku? Nikamwambia hilo. Kwa nini nilimwambia? Nilitaka nionekane najua kitu, ndiyo maana. Siku tatu nimekaa pale nazunguka kama kuku.

Mjomba akamwita Bi Faili palepale. Nani anamwaga takataka ya kompyuta? Bi Faili akajibu bila wasiwasi wowote: mimi, bosi, kila jioni kabla sijafunga. Kaunta nafuta, sakafu nafagia, na ya kompyuta namwaga. Mtu huachaje takataka zilale?

Mjomba akaniangalia. Jicho lile la "umeona?"

Bi Faili hakuelewa. Akaniuliza kama nataka chai.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua sasa kwa nini mjomba kashikilia kuwa ni Bi Faili. Fundi kaniambia huku anakoroga plasta. Shemeji yake Bi Faili amefungua karakana ya miguu upande wa pili wa mji tangu mwaka jana. Mjomba anadhani vipimo vinafutwa hapa ili wagonjwa wachoke, wahamie kule.

Nikasema, Bi Faili? Yule?

Fundi akasema, mimi sijui, mimi nakoroga plasta. Lakini wewe ndiye uliyesema kompyuta ni nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Mjomba na Bi Faili wamerushiana maneno leo. Sijawahi kumsikia Bi Faili akipaza sauti.

Mwalimu wa hesabu alirudi. Kapanda zile ngazi tatu za mlangoni kwa magongo, jasho linamtiririka, akakaa kwenye benchi. Wala hakufoka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Akasema anafundisha ameegemea meza mwezi wa pili sasa, wanafunzi wanaogopa kumuuliza swali kwa sababu itabidi ainuke aende ubaoni. Akatuonyesha kwenye simu yake: hospitali imetuma tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Ikatuma tena. Ikatuma tena.

Alipoondoka mjomba akampigia Bi Faili meza. Barua tatu! Zimeota mbawa?

Bi Faili akaleta faili la mwezi wa pili, akalifungua mbele yake. Bosi, kama ingefika ningeichapa. Nionyeshe siku moja niliyoacha kuchapa. Moja!

Mjomba: unachapa unazotaka wewe.

Bi Faili: miaka kumi na moja!

Mjomba: na karakana ya shemeji yako ina miaka mingapi?

Hapo Bi Faili akafunga faili. Taratibu, akapanga kingo za karatasi zikae sawa. Akasema, bosi, hilo umelisema wewe. Mjomba akasema Jumatatu akabidhi funguo.

Halafu – hii ndiyo inaniua – mjomba akanifuata nje, akaniwekea mkono begani. Kuanzia Jumatatu kiti kile ni chako. Mshahara kamili. Umechoka kukaa nyumbani unatazama video za kompyuta, au siyo?

Nikasema asante mjomba.

Mwaka mzima natafuta kazi! Nyumbani mama kanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nimecheka. Chakula nimekiacha sahanini.

Jumamosi, 8 Machi

Natamani leo isingekuwepo.

Nilienda karakana peke yangu asubuhi, mjomba kanipa funguo zake nizoee kompyuta yangu. KOMPYUTA YANGU. Fundi alikuwa nyuma anasugua mguu kwenye mashine, kelele tupu. Nikakaa kwenye kiti. Kina mto mdogo wa kuegemea mgongo, kaushona mwenyewe Bi Faili. Nikautoa, nikaurudisha.

Nikapiga picha. Mimi, kiti, kaunta. Nilitaka kuichapa nimpelekee mama akaibandike ukutani. Nikaituma kutoka kwenye simu yangu kwenda imeili ya karakana.

Nikasubiri. Hamna.

Nikatuma tena. Hamna!

Nikaandika "haloo" bila picha. Ikaingia sekunde ileile.

Nikatuma picha ya tatu. Hamna. "Haloo" ya pili – ndani.

Majaribio yangu yote yale, ishirini na kitu, yalikuwa maneno mawili matatu. Hakuna hata moja lenye picha! Na hospitali inatuma nini? Vipimo na picha za mguu, kila upande. Nikampigia karani mkali. Leo alikuwa mpole kidogo, labda kwa kuwa ni Jumamosi. Nikamuuliza, picha mnapiga vipi siku hizi? Akasema tangu mwezi wa kwanza wana skana mpya, picha zinatoka safi sana, ila nzito. Zamani walikuwa wanaandika namba tu.

Nzito.

Nikaingia kwenye mipangilio, chini kabisa, mahali pa kanuni – yale maagizo unayoipa programu ifanye yenyewe bila kukuuliza. Nilidhani patakuwa tupu. Wala sikupaangalia wiki nzima, kwa sababu nani hapa anajua kuweka kanuni?

Ilikuwepo moja. Imeili yoyote nzito kupita kiasi, ihamishwe folda ya pembeni, iwekwe alama kama imeshasomwa. Jina la kanuni: "USIGUSE!!! imewekwa na mtaalamu".

Mtaalamu.

Ni mimi. Mimi! Likizo ile, miaka miwili iliyopita, nimetoka kujifunza kwenye video, najiona nimemaliza dunia. Ndugu walikuwa wanamtumia mjomba video za harusi, bando linaisha, kompyuta inaganda, mjomba anafoka. Nikaweka kanuni. Kompyuta ikawa nyepesi. Folda nikaikunja chini kabisa isimchanganye, ndani ya folda nyingine, na nikaisahau palepale kama mtu anavyosahau mwavuli. Mjomba alivyofurahi! Ndiyo siku aliyoanza kuniita Injinia.

Nikaifungua folda. Juu harusi – bibi harusi, keki, shangazi anacheza. Chini yake hospitali. Nimehesabu mara mbili. Thelathini na mbili tangu mwezi wa kwanza. Mwalimu wa hesabu, tarehe kumi na nne. Mwalimu tena. Mwalimu tena. Kuna mama mmoja hospitali imemwandikia "haraka tafadhali". Kuna picha zangu tatu za leo, nimekaa kwenye kiti cha watu, meno yote nje.

Mashine nyuma ikanyamaza. Fundi akatokeza kichwa: vipi Injinia, mbona kama umeona jini? Nikamwambia njaa.

Nilichofanya baadaye nakiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilifuta kanuni. Halafu nikaichukua ile ya kwanza ya mwalimu nikaivuta mpaka inboksi. Nilitaka nizirudishe zote, Jumatatu niseme zimejitokeza zenyewe, kompyuta ina mambo yake.

Ikakaa palepale kwenye tarehe yake. Kumi na nne, katikati ya imeili mbili ambazo Bi Faili alizichapa. Alama ya kusomwa juu yake. Ukiitazama unasema tu: Bi Faili aliiona hii. Aliisoma. Akairuka.

Nikairudisha kwenye folda haraka, natazama nyuma kama mwizi.

Kwa hiyo nikizileta inboksi, nimemmaliza Bi Faili kabisa. Nikiziacha, mwalimu hapati mguu. Kutoa hiyo alama ya kusomwa naweza, lakini mjomba atauliza zilikuwa wapi. Kila nikigeuka, swali linanirudia mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mama. Alikuwa anapiga pasi blauzi yangu ya kazini – ya Jumatatu! Nikamwambia yote mfululizo bila kupumua.

Hakunigombeza. Aliendelea kupiga pasi. Akasema, mwambie mjomba wako programu ilikuwa na ugonjwa, umeutibu, basi. Huo si uongo. Nani aliuleta ugonjwa, hajauliza.

Nikasema, na Bi Faili?

Akasema, Bi Faili ni mtu mzima, atapata kwingine. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Kaka yangu ninamjua, ukimvunjia imani mara moja, haiungiki.

Akageuza blauzi. Akauliza, ana watoto, huyo mama?

Nikasema sijui.

Hujui?

Sijui, mama. Najua anaweka sukari mbili. Najua mto wake ni wa kijani. Kila siku nikifika namwambia shikamoo, ananiambia marahaba mwanangu, umekula? Mimi sijawahi kumuuliza kitu.

Mama akatundika blauzi kwenye msumari, akatoka nje kuanua nguo. Nikajua ushauri wake umemshinda hata yeye.

Nimejaribu kuandika ujumbe kwa mjomba. "Mjomba shikamoo, kuna jambo dogo." Nikafuta "dogo". Nikafuta yote.

Mchana nimechukua simu nimpigie Bi Faili. Namba yake sina! Wiki nzima nimekaa naye meza moja.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika stoo, nimekaa juu ya mfuko wa plasta, daftari kwenye magoti. Saa tatu na nusu asubuhi. Lazima niandike haraka.

Nilifika mapema. Bi Faili alikuwa ameshafika. Kafagia. Kafuta kaunta. Funguo kazipanga kwenye sahani, kila moja na kikaratasi: kabati, droo, mlango wa nyuma. Shikamoo. Marahaba mwanangu, umekula?

Akaanza kunifundisha kazi! Mimi! Faili za buluu ni za hospitali, za njano ni za wateja wa binafsi. Muhuri ukikauka usiutie maji, utie wino matone mawili tu. Mwalimu wa hesabu akija msogezee stuli, mguu wake unaumia ukining'inia. Usingoje akuombe, haombi.

Nikasema, Bi Faili, ni mimi.

Akasema, wewe nini?

Nikamgeuzia skrini. Nikamfungulia folda. Nikamwonyesha kwa kidole – hii, hii, hii. Nikamweleza kanuni. Nilikuwa naongea mbio, sauti inapanda kama filimbi, nasema kuna kipimo cha uzito, kuna alama ya kusomwa, likizo ile, video za harusi. Hakunikatisha. Akavaa miwani. Akasoma majina moja moja, midomo inasogea. Alipofika kwa mwalimu akakomea hapo. Kumi na nne, akasema. Kumi na nne mimi nilikuwa hapa.

Nikasema ndiyo.

Nilikuwa nimekaa hapahapa.

Ndiyo, Bi Faili.

Akavua miwani. Nilingoja anipige. Ningeshukuru kama angenipiga. Akauliza, umejua lini?

Jumamosi.

Leo Jumatatu, akasema.

Nikaanza kulia, naye akanikatiza: usinililie mimi, sina nafasi ya kukubembeleza leo. Kisha akasema kitu ambacho nadhani nitakisikia mpaka nizeeke. Akasema, nyumbani wameshaambiwa nimefukuzwa kwa wizi. Mdogo wangu ndiye mke wa yule shemeji. Jana kaja kuniuliza kama ni kweli nilikuwa namwibia bosi wateja kwa ajili ya mumewe. Mdogo wangu wa kunyonya ziwa moja.

Nikasema nitamwambia mjomba.

Akasema, mimi siendi kukusemea. Na usidhani kwa kuwa umeniambia mimi, umemaliza.

Palepale mwalimu akaingia, na magongo. Mjomba alikuwa amemwita aje wampime upya kwa mkono, hapahapa, kwa gharama ya karakana. Bi Faili akainuka akamsogezea stuli. Mwalimu akaiona sahani ya funguo, akamwona Bi Faili na mkoba wake, akatazama chini, hakumsalimu. HAKUMSALIMU. Bi Faili akarudi akakaa kwenye benchi ya wateja.

Mjomba akampokea mwalimu kwa kelele za furaha, wakaingia chumbani kwake, mlango wakauacha wazi. Mimi nikakimbilia huku stoo. Nilisema nachukua karatasi za printa.

Nawasikia. Fundi anapima, anataja namba. Mjomba anaomba radhi, anasema mambo yote sasa yamenyooka. Tumempata aliyekuwa anatuharibia, anasema, na tumepata kijana, damu yangu mwenyewe, ndiye aliyemgundua. Siku tano tu!

Mwalimu anasema, nataka nimshukuru.

Injinia! Mjomba anaita. Injinia, njoo!

Laptopu ya kaunta ninayo hapa pembeni, nimeichomoa, folda iko wazi. Zipo zote thelathini na mbili. Kwenye upenyo wa mlango namwona Bi Faili, mkoba mapajani. Haniiti, hanikonyezi, wala hatazami kule chumbani. Anautazama mlango wa stoo tu.

Anaita tena. Anacheka, anamwambia mwalimu huyu ana aibu, subiri umwone.

Nasimama. Nimesimama. Nikifika nianze na shikamoo au nianze na –